Kijiti kitapitaje tukiwa mbalimbali?

SWALI: Shikamoo Dada Kocha. Tuko sita, tulilala bweni moja sekondari. Leo mmoja yuko Muscat, mwingine London, wengine Dar, Arusha na Nairobi, mimi niko Tanga. Tunataka kukimbia marathoni ya kupokezana siku moja, kila mtu hapo alipo. Hatujui tugawane vipi, wala kijiti kitapitaje. Tena mimi ndiye wa mwisho kwa mbio: kilomita 5 natumia dakika 45, na kuna mahali natembea. Nijitoe nisiwaangushe wenzangu?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usijitoe hata kidogo. Wajapani, walioanza mbio za namna hii mwaka 1917 kutoka Kyoto hadi Tokyo, wanaziita ekiden. Hawashiki kijiti, wanavishana mshipi wa kitambaa uitwao tasuki, bega hadi bega. Ekiden ya kilomita 42.195 hugawanywa vipande sita: 5, 10, 5, 10, 5 na 7.195. Nanyi mko sita! Chukua cha tatu, kilomita 5 zako.

Aanze wa Muscat, saa 12 asubuhi ya kwao, huku kwetu saa 11. Wa Dar apokee kilomita 10 alfajiri kabla jua halijawa kali. Wewe utapokea kama saa 1 kasoro, upite zako Raskazone na upepo wa bahari. Kilomita 10 za pili mpeni wa Arusha, kule bado kuna ubaridi. Nairobi, kisha London amalizie. Mkikimbia kati ya Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, London iko nyuma yetu kwa saa 2. Baada ya hapo ni 3, na yule dada atatoka gizani.

Kuhusu kijiti, sikiliza vizuri, maana hili limeniuma. Kundi letu tulikubaliana kijiti kiwe sauti: ukimaliza unarekodi ujumbe WhatsApp, na mwenzio haondoki mpaka akusikie. Nilimalizia kipande changu Daraja la Tanzanite, nikarekodi huku nahema, nikatuma, nikakaa chini kunywa maji. Sikutazama simu. Bando lilikuwa limeisha, na ule ujumbe umebaki na kialama cha saa pembeni, haujaenda. Rafiki yangu wa Arusha alisimama getini kwake dakika 25, viatu vimefungwa, akidhani nimegongwa na gari. Aliponipigia alikuwa analia.

Kwa hiyo nunueni bando jana yake, na ujumbe usipopata tiki mbili ndani ya dakika moja, piga simu ya kawaida. Wa Muscat na London wawe na salio la kupiga huku. Usitume picha ya saa tu. Mwenzio anataka kukusikia unavyohema, ndiyo miguu yake inapata moto.

Sisi tulikata kanga moja mikanda sita, kila mtu akavaa wake begani. Wa mbali alipelekewa na abiria, kwa hiyo anzeni kutafuta msafiri mapema. Ukitembea, tembea na mkanda wako. Mwenzio wa Arusha atakuwa amesimama anakusubiri wewe, na dakika 45 ameshazihesabu kwenye ratiba.