Maswali yenu: filamu ya dirishani

Tangu niisifu Rear Window, filamu ya Alfred Hitchcock ya 1954, maswali hayajakoma. Kwa ambaye hajaiona: mpiga picha aliyevunjika mguu anawachungulia majirani kutwa, hadi anaanza kumshuku mmoja wao, Thorwald, kuwa amemuua mkewe.

Filamu nzima iko chumba kimoja. Kamera ina ufundi gani hapo? (Msomaji, Busia)

Rudia dakika za mwanzo. Kamera inazunguka ua, inarudi ndani, inapita juu ya jasho usoni mwa James Stewart (ndiye mpiga picha), plasta mguuni, kamera iliyosagikasagika, kisha picha ukutani: ajali ya mashindano ya magari, gurudumu linakujia. Hujaambiwa neno, na tayari unajua kazi yake na kilichomvunja mguu. Baada ya hapo umefungiwa naye. Asichokisikia ng'ambo ya ua, nawe husikii. Ua wenyewe ulijengwa ndani ya studio ya Paramount, sakafu ikafumuliwa ili ushuke chini zaidi. Aliyewahi kupanga muzigo, chumba kimoja cha kupanga katika safu ya vyumba, Kampala haoni kigeni chochote: madirisha yanatazamana, siri hakuna.

Stewart amekaa tu kitini. Kuigiza ni huko? (Msomaji, Bombo)

Kugumu kuliko kurusha ngumi! Hitchcock alimweleza François Truffaut, mwongozaji filamu Mfaransa, hivi: onyesha kijibwa, halafu Stewart akitabasamu, utaona mtu mwema. Toa kijibwa, weka msichana nusu uchi, tabasamu lilelile litakuwa la mzee mchafu. Wengine husema basi sifa zote ni za mkasi wa mhariri. Sikubaliani nao. Mtazame Lisa, mpenzi wake (Grace Kelly), anaponaswa ndani kwa Thorwald: Stewart anajikunjakunja kitini, anageuza uso, anamuuliza muuguzi wake wafanye nini. Mwanamume mzima, hoi. Kisha Lisa, mikono nyuma, anamwonyesha kwa kidole pete ya marehemu. Thorwald anaiona ishara, anainua macho polepole, anatazama moja kwa moja kwenye lenzi. Yaani anakutazama wewe. Raymond Burr, anayemwigiza Thorwald, karibu muda wote tumemwona kwa mbali tu, ndiyo maana jicho lile linachoma.

Kwa hiyo kamera haitoki kabisa? (Msomaji, Arua)

Hutoka, mara chache. Kijibwa cha majirani kinapokutwa kimenyongwa, ghafla tuko uani, na majirani wote wanakimbilia madirishani. Mmoja tu hatokei. Gizani kwake kunawaka ncha ya sigara.

Niitafute yenye VJ? (Msomaji, Kasese)

Nawapenda VJ wetu, wale wanaotafsiri na kusimulia filamu kwa sauti yao juu ya sauti yake, na kwenye kibanda cha video nacheka kama wengine. Ila hii imejaa redio za majirani, kinanda cha mbali na ukimya. VJ atakutajia muuaji kabla Stewart hajaomba darubini. Itazame kwanza na sauti yake, usiku, taa zimezimwa. Ukiirudia, mwite VJ umtakaye.