Swali la lugha: eti "data zinazobadilikabadilika"?

Msomaji wetu anayesoma takwimu za maeneo anauliza hivi: kwenye kazi yake ya mvua, mwalimu anasema "kovariansi isiyosimama", wanafunzi wenzake wanaandika "data zinazobadilikabadilika", je ashike ipi?

La mwalimu nalivumilia. Ni tafsiri ya Kiingereza "nonstationary", neno ambalo asili yake ni Kilatini, na huko kweli lina kusimama ndani yake, basi.

Ila hilo la pili jamani hapana, hapana kabisa, nimelikuta kwenye ripoti na tasnifu mpaka nimechoka! Data gani isiyobadilika? Leo mvua milimita 40 kesho sifuri, hiyo ni mvua tu, haijakwambia chochote kuhusu kovariansi. Kovariansi ni vile vipimo vya vituo viwili vya mvua vinavyopanda na kushuka pamoja, na modeli ya kawaida inadai ukishajua umbali na mwelekeo kati ya vituo umemaliza, hata usipojua viko wapi. Sasa twende Kilimanjaro. Kusini kule Machame, Kibosho, Marangu kuna mvua na migomba, kaskazini kwa Rongai pakavu. Weka kipima mvua kimoja Marangu kingine Rongai, halafu nenda tambarare weka viwili kwa umbali ule ule na mwelekeo ule ule, hivi kweli utategemea viendane sawasawa na vile vilivyotenganishwa na mlima mzima? Na msinichanganyie tena, kusini kupata mvua nyingi kuliko kaskazini huo ni wastani, mimi nasema kuendana. Kinachobadilika kutoka mahali hadi mahali ni kanuni ya kuendana, na hiyo ni sifa ya modeli, data hazihusiki na sifa hiyo hata kidogo.

Wanatakwimu Sampson na Guttorp mwaka 1992, wakiwa na vipimo vya mionzi ya jua vya British Columbia, Kanada, waliivuta ramani yenyewe kama mpira, vituo visivyoendana wakavitenga, vinavyoendana wakavisogeza karibu, mpaka kanuni moja ikatosha kote. Sasa mtu wa "zinazobadilikabadilika" ataielezaje kazi nzuri kama hiyo, atasema wametuliza jua?

Mimi naandika "kovariansi isiyo sare", na kwa asiyesoma takwimu nasema inatofautiana mahali na mahali. Mwalimu wako mwachie yake, haidhuru. Hiyo ya wenzako ifutwe leo leo kabla ripoti haijaenda kuchapwa.