Kufunga alamu za nyumbani kama kazi ya ziada

Ndugu, umeuliza kama fundi umeme aliyeajiriwa anaweza kufunga alamu za nyumbani jioni na wikendi. Inawezekana, ila soma kwanza mkataba wako wa kazi, kisha ulizia leseni. Mahali pengi mifumo ya ulinzi ina kibali chake.

Kufunga hakutakushinda. Kinachochosha ni simu za usiku, king'ora kinalia na mwizi hayupo. Mara nyingi sensa ya mwendo, kile kifaa kinachohisi joto la mtu anayepita, imeelekezwa dirisha linalopigwa na jua. Igeuze, kisha tembea chumba kizima ukiijaribu kabla ya kukabidhi kazi. Betri ya akiba ya volti 12 nayo huchoka baada ya miaka 3 hadi 5, kwa hiyo patana matengenezo ya kila mwaka mapema; pesa ya uhakika iko hapo. Na tafadhali, namba ya siri aiweke mwenye nyumba mwenyewe, wewe ukiwa umegeuka.