Kala nyeupe inataka tope, kala ya rangi inataka kupumzika

Kabla hujatoa hela ya mche wa kala, muulize muuzaji jambo moja tu: ni ya maua meupe au ya rangi? Akikujibu kwamba kala ni kala, zote zinatunzwa sawa, tafuta muuzaji mwingine. Nyingi nilizoona zikifia kwenye bustani za watu huku Lushoto, chanzo kilikuwa maji. Ile ya rangi ilizidishiwa, ile nyeupe ilinyimwa.

Kala nyeupe, ambayo wataalamu huiita Zantedeschia aethiopica, kwao ni kusini mwa Afrika: Afrika Kusini, Lesotho na Eswatini. Huota kwenye mabonde yenye majimaji na kando ya vijito. Wengi huiita yungiyungi, lakini kwa ukoo si yungiyungi, ni ndugu wa gimbi. Basi aliyewahi kulima magimbi bondeni ameshajua nusu ya kazi. Zile za rangi, za njano, za waridi na za zambarau iliyokolea hadi kukaribia weusi, ni chotara waliozalishwa kutokana na jamaa zake wadogo wa nyanda za nyasi, ambako msimu wa baridi ukiingia mvua hukatika na mmea hulala ardhini hadi mvua zirudi.

Nianze na nyeupe, maana ndiyo ninayoipenda. Zangu ziko pale uani yanapopita maji ya bomba, mahali ambapo hakuna ua lingine lililokubali kukaa. Udongo wetu huu mwekundu unazifaa, ila uchanganye na samadi iliyooza vizuri. Fukia shina lake la chini kama sentimita 10 hadi 15, acha nafasi ya nusu mita kati ya shina na shina, na upande masika yanapoanza ili mvua ikusaidie kumwagilia. Jua la nusu siku linatosha. Chini ya mparachichi inaishi pia, lakini kivuli kikizidi utabaki na majani matupu. Majani matupu hayohayo utayapata ukimwaga samadi mbichi ya kuku au urea kila mara: mmea unanenepa, unapendeza kwa mbali, na ua halionekani. Wanaokaa Njombe au Makete wasiogope umande ukiganda na kuunguza majani. Shina la chini huchipua tena.

Ukiamka mapema utakuta tone la maji limening'inia kwenye ncha ya kila jani, hata kama usiku hakukunyesha. Huo si ugonjwa. Mmea umekunywa ukashiba, na ziada inatokea huko. Mimi hulitumia tone hilo kama kipimo: likikosekana siku kadhaa mfululizo, najua udongo umeanza kukauka.

Kuvuna kuna namna yake. Usikate kwa kisu. Shika bua chini kabisa, karibu na ardhi, lizungushe kidogo kisha livute kwa mkupuo mmoja. Linang'oka lenyewe, bichi na lenye utelezi. Kisiki kinachobaki baada ya kukata huoza, na kisu kinahamisha maradhi kutoka mmea mmoja kwenda mwingine. Ule mkunjo mweupe tunaouita ua kwa kweli ni jani lililogeuka. Maua yenyewe ni yale madogo sana yaliyojipanga kwenye kidole cha njano katikati, ya kiume juu na ya kike chini. Vuna mkunjo ukishafunguka na kidole hakijaanza kudondosha unga, kwa sababu ukivuna lingali limejikunja halitafunguka sana ndani ya nyumba. Ukichelewa, mkunjo hugeuka kijani na mmea huelekeza nguvu kwenye mbegu.

Kwenye chombo weka maji machache, kina cha vidole vitatu au vinne. Bua ni laini, likizama sana linateleza na kunuka. Ncha yake pia hupasuka na kujiviringisha nje. Funga kiraba pale chini kabla hujaliweka. Wanaopamba madhabahu kwa ajili ya Jumapili wajaribu hili, maana mara nyingi nakuta kala zimetumbukizwa hadi shingoni kwenye ndoo.

Sasa za rangi. Hizi nazipanda kwenye vyungu vyenye matundu ya kutosha, udongo mafungu mawili, mchanga wa mto fungu moja, mboji fungu moja. Kiazi kinafukiwa sentimita 5 hadi 8, macho yakitazama juu. Mwagilia pale kidole kikiingia udongoni kikatoka kikavu. Maua yakiisha, majani yataanza kuwa manjano, na hapo ndipo wengi hukimbilia kumwaga maji wakidhani mmea una kiu. Mmea unataka kulala. Punguza maji, kisha acha kabisa. Majani yakikauka chimbua viazi, vianike kivulini siku chache, uvihifadhi kwenye boksi lenye maranda makavu ya mbao, mahali penye hewa, kwa miezi miwili au mitatu.

Kabla ya kurudisha kiazi ardhini, kibonyeze kwa dole gumba. Kikibonyea na kutoa harufu kama ya kabichi iliyooza, ni bakteria, na hiyo haina dawa. Kitupe pamoja na udongo wake, usikipeleke kwenye mboji, na uoshe chungu kwa jiki. Vidukari wakija, maji ya sabuni yanatosha. Konokono waokote usiku kwa tochi.

Mwenye watoto wadogo au mbuzi wa kufungwa nyumbani apande mbali nao. Utomvu wa kala una sindano ndogo sana za fuwele, zilezile zinazofanya gimbi bichi liwashe kooni, na mtoto akitafuna jani mdomo unaweza kuvimba. Gimbi tunalipika tukala, kala usijaribu. Mimi huvaa glavu ninapogawanya mashina, kwa kuwa ngozi yangu huwasha.

Na mashina ya ziada usiyatupe mtoni. Australia Magharibi kala nyeupe imetangazwa kuwa gugu, baada ya kutoroka bustanini na kuziba maeneo oevu. Misitu ya Usambara ina mimea ambayo haipatikani kwingine duniani, na vijito vyake vinapita chini ya mashamba yetu. Mpe jirani, au yaanike juani hadi yakauke kabisa.

Ndugu wa Dar na Tanga huniomba kila mara niwatumie nyeupe. Nawatumia, lakini nawaambia ukweli: joto la huko linaidumaza. Jaribuni ya rangi kwenye chungu, ipate jua la asubuhi tu, na msubiri miezi ya baridi, Juni hadi Agosti. Ikiwashinda, pandeni anthuria. Ni ukoo mmoja, na yenyewe joto inalipenda.