Kijana yuko mahabusu, dozi yake iko kliniki

Afya na haki: maswali yenu mwezi huu

Mficha maradhi kilio humuumbua, walisema wazee. Barua nne tulizochagua mwezi huu zinatusukuma tuulize jingine: ni nani aliyemfanya afiche?

Assalaamu alaykum. Mwanangu wa miaka 26 aliacha unga, na huu ni mwaka wa pili anakunywa methadoni, dawa ya kumtoa kwenye unga, kila siku kliniki ya Kidongo Chekundu. Juzi wamezoa vijana maskani, naye akiwamo. Amelala kituoni siku nne bila dozi. Nilimkuta anatapika na kuharisha, askari wanasema anajifanya. Arosto hii ya kukosa dozi inaua? Na nikimtoa, akanywe dozi yake ileile?
*Mama, Jang'ombe*

Waalaykumu salaam, mama. Tuanze na swali lako la mwisho, maana ndilo la hatari zaidi: hapana, asinywe dozi ileile. Akitoka mpeleke kliniki moja kwa moja, kabla hata ya kupita nyumbani, na useme amekosa siku ngapi hasa. Mwili husahau methadoni upesi kuliko anavyodhani mwenyewe. Aliyekosa siku tatu mfululizo kwa kawaida hupunguziwa dozi. Aliyekosa siku tano au zaidi huanzishwa upya kwa kiasi kidogo, kisichozidi miligramu 30, hata kama alikuwa akinywa 90. Akipewa 90 yake siku hiyo, pumzi inapungua usingizini, midomo inageuka rangi, na nyumba nzima inadhani kalala fofofo anakoroma. Hatari inazidi akipitia maskani akajidunga kipimo cha zamani, au akachanganya na vidonge vya diazepamu. Wiki mbili za mwanzo baada ya kutoka kifungoni ndizo zinazoua zaidi watumiaji wa unga.

Ama arosto, ya heroini huanza saa 8 hadi 12 baada ya mara ya mwisho. Ya methadoni huchelewa, saa 24 hadi 36. Mwanzo ni miayo, kamasi, vinyweleo kusimama na mifupa kuuma, kisha tumbo linafunguka. Kijana aliye na afya mara nyingi haimuui yenyewe. Kinachoua ni maji kumwishia mwilini ndani ya chumba chenye joto, na anayemlinda ameshaamua kwamba anajifanya. Hilo neno la askari, mama, lina uzito wake katika maradhi haya.

Basi la kufanya, na lifanywe siku ya kwanza. Kabla ya kwenda kituoni, pita kliniki uombe barua yenye jina lake, miligramu zake, tarehe ya dozi ya mwisho na nambari ya simu ya muuguzi. Toa nakala mbili. Moja mpe mkuu wa kituo, omba iandikwe kwenye daftari la matukio, nawe andika saa uliyoitoa na nani kaipokea. Ya pili weka kwa ajili ya hakimu. Usiombe aachiwe, omba apelekwe akanywe dozi, au muuguzi aitwe. Ombi dogo ni gumu kulikataa. Methadoni usijaribu kumpelekea mwenyewe, kwa kawaida hunywewa mbele ya muuguzi. Unachoweza kumbebea ni pakiti za ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa, anywe kidogo kidogo hata kama anatapika.

Akihamishiwa Chuo cha Mafunzo, yaani gerezani, ipo Kanuni ya 24 ya Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa 2015. Inataka mfungwa asikatiziwe matibabu ya VVU, ya kifua kikuu wala ya uraibu. Itaje kwa jina. Na akianza kukohoa wiki mbili au zaidi, apimwe makohozi. Vyumba vilivyojaa watu na dirisha moja ndiyo shamba la kifua kikuu. Hapa kuna jambo ambalo hata baadhi ya wahudumu hulisahau: rifampisini, iliyomo kwenye dawa za kifua kikuu kwa miezi yote sita, huifanya methadoni iishe mwilini haraka. Mgonjwa anaingia arosto ilhali anakunywa dozi yake kila siku, anaonekana mkorofi, anaacha dawa zote mbili. Dawa yake ni kupandishiwa methadoni chini ya uangalizi, na kuishusha tena matibabu ya kifua yakiisha.

Majirani husema hayo ni ya mateja wenyewe. Anayeogopa kuzolewa hujidunga mbio mbio, bomba moja watu watatu, na bomba safi hathubutu kutembea nalo mfukoni. Uchunguzi wa mwaka 2007 ulikuta VVU kwa asilimia 16 hivi ya wanaojidunga Unguja, wakati kwa watu wote visiwani ni chini ya asilimia 1. Watu hao wana wake, nao wanazaa.

Meneja wa hoteli ninayopikia anataka majibu ya VVU pamoja na cheti cha afya, ama sivyo mkataba unaishia hapo.
*Mpishi, Nungwi*

Kaka, cheti cha afya cha mpishi kina maana yake. Choo kinapimwa kwa sababu homa ya matumbo hupita vidoleni, na kikohozi kwa sababu ya kifua kikuu. VVU havipiti kwenye biriani. Pendekezo namba 200 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2010, linasema mfanyakazi asilazimishwe kupima VVU wala kutoa majibu yake. Mwombe meneja akuandikie sharti hilo kwa barua. Wengi huishia hapo hapo. Akiandika, ipeleke Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar. Jikoni kukiwa na vitisho hivi, wafanyakazi hufuata dawa kliniki ya mbali ili wasionekane, siku za zamu wanazikosa, na virusi vilivyokuwa vimelala vinaamka.

Wakati wa mlipuko, nyumba moja hapa ilimficha mgonjwa wa kipindupindu ndani hadi akafa, kwa kuogopa kunyimwa maiti. Kuosha maiti ya namna hiyo kuna hatari gani, na ni haki kutunyima?
*Imamu, Micheweni*

Sheikh, hatari ipo, nayo imo kwenye kinyesi na matapishi. Kwa hewa haiji. Kwa hiyo kuosha kunawezekana, kwa masharti. Waoshaji wasizidi watatu, wawe na glavu, aproni ya plastiki na viatu vya mpira. Chukua klorini ya unga ya asilimia 70: gramu 30, yaani vijiko viwili vya mezani vya usawa, kwa lita moja ya maji. Hiyo ni dawa ya asilimia 2, ya maiti na ya kinyesi. Pamba ya kuziba tundu za mwili iloweshwe humo. Gramu 30 zilezile kwa lita 10 ni ya sakafu. Ya mikono ni gramu 7 kwa lita 10. Changanyeni nje penye upepo, kwenye ndoo ya plastiki, maana chuma huliwa. Msitie sabuni ndani yake, na mmwage iliyolala. Sanda na swala havina ugomvi wowote na klorini.

Kinachoharibu mara nyingi ni chakula. Mama aliyeosha asubuhi ndiye anayepakua wali adhuhuri. Waoshaji wasiguse sufuria, na kama mtaa wote umeguswa, kisipikwe cha pamoja kabisa.

Kuhusu haki, kanuni zilizoandikwa Siracusa, Italia, mwaka 1984 zinaruhusu serikali kubana haki kwa ajili ya afya ya umma, lakini kubana huko kuwe kwa sheria, kwa lazima ya kweli, kwa njia nyepesi kuliko zote zinazofaa, na kwa muda. Kama maiti inaweza kuoshwa salama mbele ya afisa wa afya, basi kuichukua kwa nguvu hakupiti mtihani huo. Kufungia nyumba nzima bila maji nako hakupiti, tena ni kosa la kitaalamu, kwa kuwa walio ndani wataishia kuchota penye uchafu. Pale kisiwani Changuu, jengo lililojengwa miaka ya 1890 liwe jela liliishia kuwa karantini. Wodi na gereza hazikupatikana mbali mbali hata zamani.

Nyumba ile ingefungua mlango mapema, mgonjwa angelazwa kwenye kile kitanda chenye tundu na ndoo chini yake, angepimiwa anachopoteza na kurudishiwa, na kwa uwezekano mkubwa angerudi kwa miguu yake.

Mtoto wa kaka yangu, miaka 13, alibakwa mwaka jana. Wazee walikaa usiku kucha wayamalize. Asubuhi kituo cha afya wakatutaka PF3, ile fomu ya polisi, na polisi mwenye muhuri hayupo. Tulifika hospitali siku ya nne, tukaambiwa dawa za kuzuia VVU hazitolewi tena. Kwa nini?
*Shangazi, Chake Chake*

Dada, pole. Dawa hizo lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita huzipunguzia nguvu. Virusi vinavyoingia hukaa kwanza pale vilipoingilia, kisha huhamia kwenye tezi na kuota mizizi humo. Vikishaota, dawa za siku 28 haziving'oi. Saa zenu ziliibiwa na muhali wa wazee, kisha na karatasi. PF3 ni ya ushahidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka matibabu yatangulie na yasisubiri polisi. Mhudumu akikataa, muulizeni jina lake na yuko chini ya nani.

Tena lipo kosa la pili: siku ya nne bado mlikuwa ndani ya saa 120 za dawa ya kuzuia mimba, na ndani ya muda wa chanjo ya homa ya ini B. Hizo mlistahili kupewa hata kama ya VVU ilishapita.

Akipatwa mwingine, aende moja kwa moja kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wako pamoja. Asioge. Nguo alizovaa zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, kwa sababu kwenye plastiki unyevu hufanya ukungu na ushahidi unaoza. Usiku, nambari 116 ya watoto haitozwi pesa.

Na huyu wenu akapimwe sasa, kama hajapimwa. Miezi mitatu imepita zamani, kwa hiyo majibu atakayopata leo ndiyo ya mwisho kuhusu tukio hilo. Aende na mtu anayemwamini, si na baraza.