Ndizi kabla, embe baadaye

Umeuliza kama ukiwa likizo kisiwani ule matunda kabla ya kukimbia asubuhi au usubiri urudi. Kabla, ndizi moja iliyoiva inatosha, nusu saa hivi kabla hujatoka. Papai na maembe yaache kwanza. Yana maji mengi, na tumbo lililojaa embe halipendi kutikiswa (wapo wanaobisha, ni matumbo yao).

Ila kitakachokusumbua zaidi ni unyevu wa hewa. Alfajiri ya kisiwa cha tropiki inaonekana poa, lakini jasho halikauki, linatiririka tu, na joto linabaki mwilini. Siku za mwanzo punguza mwendo. Mwili huchukua kama wiki 1 hadi 2 kuzoea. Ukitaka kukimbia ufukweni, angalia kwanza maji. Yakipwa unapata mchanga uliolowa, mgumu, usiodidimia. Yakijaa unabaki na ule laini wa juu, tena wenye mteremko, mguu mmoja chini mwingine juu, na hapo vifundo na magoti ndiyo hulalamika. Saa za kupwa husogea mbele kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo njia uliyokimbia Jumatatu, Ijumaa saa ileile huenda iko chini ya maji.

Ukirudi, anza na dafu. Lina potasiamu nyingi ila sodiamu kidogo, basi tia chumvi kwenye kiamshakinywa. Halafu papai na ndimu. Embe limenye kabisa, maana utomvu wa ganda huwababua wengine midomo.