Ukurasa Wangu Ulidumu Siku Saba

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Jinja aliniandikia. Anachapisha jarida dogo la wafugaji wa sungura na njiwa wa nyumbani, mwaka wa tano sasa, na alikuwa na swali moja tu: "Dada, nifanyeje niingie kwenye ile kamusi elezo ya mtandaoni, Wikipedia? Nasikia wewe uliwahi kujaribu." Hilo la mwisho ndilo lililonichoma. Kumbe habari zangu zilifika mpaka Jinja.

Ndiyo, niliwahi. Na kwa kuwa wengi mnaonisoma hapa mna majarida, chaneli na vitabu mnavyovigharimia wenyewe, na najua usiku mnaota majina yenu yameandikwa pale, na mwaka wa kuzaliwa kwenye mabano, wacha niseme yote.

Nimekulia kambi ya polisi, Nsambya. Baba alikuwa na mbwa wa kazi, na mbwa huyo alikula kabla yetu. Nilipoanzisha jarida la mbwa na paka hapa Kampala watu walicheka: Waganda wananunua picha ya paka kwa shilingi 5,000? Nilichapa nakala 1,000 Nasser Road, kwenye mashine iliyokuwa imetoka kuchapa mabango ya kampeni. Wino wa njano haukuwa umesafishwa vizuri, na paka wote wa kurasa za kati wakatoka kama wana ugonjwa wa ini. Nikauza hivyo hivyo. Yakafuata matoleo mengine kumi. Lile la kichaa cha mbwa, nililolitoa karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya dunia ya ugonjwa huo, liliisha lote. Madaktari wawili wa mifugo walibandika ukurasa mmoja ukutani, ule unaosema aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha akimbilie chanjo. Naringia ukurasa ule mpaka leo.

Basi nikaona nastahili. Nikamkalisha mpwa wangu kwenye kompyuta, nikamwagia historia yangu, yeye akaipamba. "Mwanzilishi mashuhuri." "Sauti ya wanyama." Chini tukaweka rejea 14, nikahisi zimetosha kujengea nyumba.

Mjadala wa kuufuta ulifunguliwa siku ya pili. Niliusoma kwenye steji ya Wandegeya, rolex, ile chapati ya mayai, mkononi ikipoa, teksi mbili zikaniacha. Mhariri mmoja alikuwa amezipitia rejea zetu kama mwalimu anayesahihisha daftari la mtoro. Tisa ni jarida langu lenyewe. Mbili ni kurasa zangu za Facebook. Moja ni mahojiano, mimi nikijisifu nusu ukurasa. Moja ni orodha ya duka linaloliuza. Ya mwisho ilikuwa habari ya gazetini niliyoilipia shilingi 300,000, na hata hiyo aliinusa. Akauliza: "Jarida lipo, hakuna anayebisha. Ila nani ameandika kulihusu bila kuombwa?" Mwingine akaongeza kwamba hata jarida likistahili, ustahiki wake haumrukii mchapishaji. Wa tatu aliandika maneno manne tu: "Jarida la paka. Ufutwe."

Wale wawili nimewasamehe. Huyu wa tatu bado.

Sasa aibu yenyewe. Mpwa wangu, kwa mapenzi, alifungua akaunti tatu na kuandika "ubaki" mara tatu. Zote tatu ziliandika "mashuri". Walimkamata kabla ya jioni. Na hakujua kwamba pale hapahesabiwi vidole, hupimwa hoja. Siku ya saba wakafunga mjadala, ukurasa ukaenda.

Nilinuna miezi miwili. Nilisema ni Wazungu, ni dharau kwa Afrika, ni wivu. Kisha siku moja nikasoma habari za Rajat Neogi, mtoto wa Kampala hii hii, aliyeanzisha Transition, jarida la fasihi na siasa, mwaka 1961 akiwa kijana mdogo. Yeye naye alikuwa mchapishaji wa jarida dogo, tena kutoka mji ambao dunia haikuutazama. Lakini waandishi walibishana ndani ya jarida lake na nje yake, serikali ya Obote ikamfunga mwaka 1968, magazeti ya nchi nyingine yakaandika, wasomi wakafuata na vitabu, na jarida likahamia Accra, baadaye likahaririwa na Wole Soyinka. Atakayeandika kuhusu Neogi hahitaji kumpigia simu mjane wala mpwa. Anafungua kabati tu.

Hapo ndipo nilipoelewa, mdogo wangu wa Jinja. Wale wahariri hawakuuliza kama nimefanya kazi nzuri. Waliuliza kama kuna karatasi: watu wasio ndugu zangu, wasiolipwa nami, walioandika kwa kirefu, mahali penye mhariri wa kuwasahihisha. Na sisi wa majarida ya wanyama tuko pabaya zaidi, kwa sababu sisi huandika kuhusu wengine na wenzetu hawatuandiki. Chukua Cat Fancy ya Marekani, ilidumu tangu 1965 mpaka 2015, miaka 50 ya paka. Wapenzi wa paka wengi wanalijua jina la jarida. Waulize nani alikuwa akiligharimia.

Kwa hiyo acha kuuliza "nifanyeje niingie". Usijiandikie. Ukishindwa kujizuia, basi tangaza kwenye ukurasa wa majadiliano kwamba ni wewe. Usimlipe mtu anayekuahidi ukurasa wa kudumu. Nimetumiwa jumbe tatu za namna hiyo, mmoja alitaka dola. Usijiandikie, narudia, kwa sababu najua utajiandikia. Na kumbuka ukurasa ule si cheti cha kutundika sebuleni. Ukishakuwepo hauna mwenyewe. Siku ukipelekwa mahakamani na magazeti yakaandika, hiyo nayo itaingia, na hutakuwa na kitufe cha kuitoa. Jarida lako likipata habari mbili tatu za kweli, anza na jarida, si na wewe. Sentensi moja kuhusu mchapishaji ndani ya ukurasa wa jarida inatosha; mimi leo ningeipokea kwa mikono miwili. Tunakimbilia kusifiwa kabla ya kuhifadhi. Wangapi kati yenu mna kila toleo mlilochapa? Mnyooshe mikono.

Mimi sikuwa nayo. Nilidhani ninayo, mpaka nilipofungua sanduku nikakuta panya wamekula pembe za toleo la pili, na picha ya mbwa wa Baba imebaki masikio tu. Nimekusanya nakala mbili mbili za kila toleo isipokuwa moja, za kupeleka maktaba ya Makerere, ili siku mtafiti akitaka kuandika kuhusu mbwa wa Kampala akute kitu. Mwenye boda amekubali kusubiri mpaka Ijumaa.

Toleo la nne halipo. Jalada lake lina paka mweusi juu ya paa la mabati, nyuma kuna tangazo la dawa ya kupe. Kama unalo, hata likiwa limechanika, nalinunua kwa shilingi 10,000.